Kuchanganya Mazao Katika Shamba la Matunda: Njia ya Kuongeza Mavuno na Kipato cha Mama

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama, bibi shamba mstaafu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Karatu)

Nimeambiwa nina dakika thelathini, na Mama Mweka Hazina ameshika saa. Sisi sote tunamjua, hata faini ya kuchelewa kikao haisamehi. (Kicheko) Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye mada.

Katika mkutano wetu uliopita kulikuwa na hoja mezani. Wanachama wengi wanataka fedha za mgao wa mwaka huu ziende kununua miche ya maparachichi. Hoja ni nzuri. Lakini nilisikia pia wengine wakisema, "Mimi nang'oa mbaazi zote, naacha na maharage, napanda parachichi tupu." Hapo ndipo nilipoomba nafasi ya kusema. Naunga mkono kupanda matunda. Siungi mkono kupanda matunda peke yake. Nitawaeleza sababu, halafu nitaeleza namna ya kufanya.

1. TUSISAHAU MWAKA 2017

Jamani, mbaazi zilitufundisha. Kwa miaka mingi mbaazi ya Karatu na Babati ilikuwa inakwenda India. Mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja tu. Mwezi Agosti mwaka 2017 serikali ya India iliweka kikomo: mbaazi zote zitakazoingia kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Amri ile ilitolewa wakati mbaazi zetu ziko shambani na ghalani. Bei ilianguka kiasi kwamba wengine waliacha mbaazi shambani, maana gharama ya kuvuna ilikuwa kubwa kuliko bei.

Aliyekuwa na mbaazi tu, mwaka ule alilia. Aliyekuwa na mbaazi, mahindi, ngwara na vitunguu kidogo, naye alipata hasara, lakini watoto walikula na ada ililipwa.

Leo parachichi lina bei nzuri na lina wanunuzi. Mimi nafurahi. Ila parachichi nalo linauzwa nje, na nchi nyingi zinalipanda. Hakuna aliyetuahidi kwamba bei itabaki hapo ilipo. Kuchanganya mazao ni kinga, kama vile sisi tusivyoweka fedha zote za sanduku kwa mkopaji mmoja, hata awe mwaminifu namna gani.

2. KUCHANGANYA MAZAO SIYO JAMBO GENI KWETU

Msifikiri nimeleta elimu ya kigeni. Wazee wetu waliotoka Kainam na Mama Isara kule Mbulu walilima eneo dogo la milima kwa vizazi vingi. Walitia samadi, wakakinga maji yasibebe udongo, wakachanganya mazao. Walipohamia huku Karatu walikuja na desturi hiyo. Ndiyo maana mpaka leo shamba la mama wa Rhotia au Mbulumbulu lina mahindi, maharage, mbaazi na maboga kwa pamoja.

Jirani zetu Wachaga wana kihamba: kahawa chini, migomba juu yake, na miti mirefu juu zaidi. Kwa hiyo siyo kweli kwamba shamba la kisasa lazima liwe la zao moja. Shamba la kisasa ni lile ambalo mwenyewe anajua kila mmea umewekwa pale kwa sababu gani.

Faida za kuchanganya ni hizi:

(a) Ardhi haikai bure. Mparachichi wa kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mavuno ya maana huja baadaye. Miaka yote hiyo utakula nini?

(b) Jamii ya mikunde, yaani maharage, mbaazi na ngwara, hukamata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyo kwenye vinundu vya mizizi. Majani yakianguka udongo unapata chakula.

(c) Udongo ukifunikwa haubebwi na maji. Wote mnayajua makorongo yetu yanavyokua kila mvua za masika.

(d) Ukipalilia na kutia samadi kwenye maharage, mti nao unafaidi. Kazi moja, malipo mawili.

3. HESABU YA EKARI MOJA

Sasa chukueni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tukipanda miparachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa mita 7, ekari moja inachukua miti kama 82. Mwaka wa kwanza tunaacha duara lisilopandwa kitu, mita moja kutoka kwenye shina kila upande. Watu wanaogopa, wanasema, "Miti itamaliza shamba langu." Tupige hesabu. Maduara yote 82 yakijumlishwa yanachukua kama asilimia 6 tu ya ekari. Asilimia 94 bado ni yako ya kupanda maharage.

Mwaka wa pili duara linakuwa mita moja na nusu, na miti inachukua asilimia 14. Mwaka wa tatu mita mbili, asilimia 25. Mwaka wa nne mita mbili na nusu, asilimia 40. Kwa hiyo mpaka mwaka wa nne bado una zaidi ya nusu ekari ya mazao ya msimu. Na kufikia hapo mti umeanza kukulipa. Baadaye matawi yatafunga, kivuli kitakuwa kikubwa, na utaacha kupanda katikati. Wakati huo mti unajitegemea.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo siri yenyewe. Maharage yanapungua kidogo kidogo, matunda yanaongezeka kidogo kidogo. Hakuna mwaka ambao mama amekaa mikono mitupu.

4. NINI KIKAE NA NINI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siyo kila zao linakaa na kila mti.

Maharage. Ndiyo mwenzi bora wa mparachichi mchanga. Ni mafupi, yanakomaa kwa miezi mitatu hivi, na mizizi yake haigombani sana na mti. Zile aina fupi tulizozizoea, kama Lyamungu 90, Jesca na Selian 97, zinafaa. Zitafuteni mbegu safi. Usipande maharage yaliyobaki jikoni.

Mbaazi. Msizing'oe! Ziwekeni katikati kabisa ya nafasi, mstari mmoja au miwili, mbali na miche. Mzizi wake unakwenda chini sana, na huvunja udongo mgumu. Iko aina inayoitwa Mali inayostahimili mnyauko. Angalizo ni moja: mbaazi hukua juu, kwa hiyo ikisogea karibu na mche itaufunika.

Ngwara. Inafunika udongo vizuri, inavumilia jua, na Wakenya wanaipenda. Lakini inatambaa. Ukiiacha wiki mbili bila kuangalia, utaikuta imeupanda mche na kuukaba shingo. Kama huna muda wa kuirudisha kila wiki, iache.

Mahindi. Najua mtaniuliza. Mama wa Karatu bila mahindi atapika nini? Basi, kama shamba ni hilo hilo moja, yawekwe katikati ya nafasi, mita mbili kutoka kwenye mche kila upande. Kwenye nafasi ya mita 7 utapata mistari minne ya sentimita 90. Fanya hivyo miaka miwili ya kwanza tu. Mahindi yana njaa kubwa. Yanakula mbolea na kunywa maji kabla ya mti.

Nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili. Hapana. Hizi ni ndugu wa ukoo mmoja, na zinaweza kubeba ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni na kuingia kwenye mizizi ya mparachichi. Tena usipande miche ya parachichi pale ulipotoa nyanya juzi.

Mapapai. Kwa wenzetu wa maeneo ya joto, kama Mang'ola, papai linaweza kukaa katikati ya miembe. Mpapai huanza kuzaa katika mwaka wa kwanza au wa pili, na baada ya miaka mitatu unautoa, mwembe umeshakua. Lakini msipande maboga, matango wala matikiti chini ya mipapai. Kuna virusi vinavyoyapiga mapapai ambavyo hukaa pia kwenye jamii ya maboga.

Kahawa na migomba. Kwa wenzetu wa upande wa Oldeani wenye kahawa, migomba michache inatoa kivuli na matandazo, nanyi mnapata ndizi. Isizidi, maana kivuli kikizidi kahawa haizai.

5. KUPANDA NA KUTUNZA

Nunueni miche ya kubebesha kutoka kwenye bustani inayoaminika. Kituo cha utafiti wa mazao ya bustani kipo Tengeru, siyo mbali. Usinunue mche kwenye pikipiki kwa mtu ambaye kesho humwoni.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kando yake, wa chini kando yake. Udongo wa juu uchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha urudishe. Pale palipobebeshwa pasifukiwe na udongo. Mparachichi hauwezi kusimama kwenye maji: mizizi yake inaoza kwa ugonjwa wa ukungu, na mti ukishaanza kunyauka kwa namna hiyo kuuponya ni kazi ngumu. Kwa hiyo bondeni panapotuama maji tusipande. Kwenye mteremko, fuata kontua na uchimbe makinga maji.

Mizizi inayoulisha mti iko juu juu. Usilime kwa jembe ndani ya lile duara. Ng'oa magugu kwa mkono, kisha weka matandazo ya mabua, ila yasiguse shina.

Jambo jingine ni ua la parachichi. Hili huwafurahisha akina mama. Ua la aina ya Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, linajifunga, kisha kesho yake mchana linafunguka tena likiwa dume. Ua la Fuerte ni kinyume: jike mchana, na kesho yake asubuhi dume. (Kicheko) Mnacheka, lakini ndivyo lilivyo. Kwa hiyo mwenye Hass tupu anapoteza matunda. Changanya Fuerte michache, mmoja kwa kila miti kumi hivi, uwe unaleta mbelewele asubuhi. Nyuki ndiyo wanaobeba mbelewele hizo. Ukipiga dawa ya wadudu mchana wakati miti imechanua, umejinyima mavuno mwenyewe.

Na wakati wa kuchuma: parachichi haliivi mtini. Likichumwa changa linasinyaa na kuwa kama mpira. Mnunuzi akikuharakisha, mwambie asubiri.

6. MIFUGO, TEMBO NA MSITU

Desturi yetu ni kwamba mahindi yakishavunwa, shamba ni la ng'ombe na mbuzi wa kijiji kizima. Desturi hii ilitusaidia zamani, lakini miche haiwezi kuivumilia. Hata mbaazi zinaumia, maana zinakomaa baada ya mahindi kuondoka. Mama mmoja peke yake hawezi kupigana na mifugo ya kijiji. Kikundi chenye wanachama wengi kinaweza kwenda mkutano mkuu wa kijiji na kuomba sheria ndogo. Wazee mko hapa, mmesikia. (Makofi)

Kwa wale wanaopakana na msitu wa Ngorongoro, tembo na nyati ni habari ya kila mwaka. Mahindi yanawaita. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye uzio inasaidia kuwatisha tembo, na asali ni fedha, na nyuki hao hao ndio wanaohudumia maua yetu.

Naomba pia tusikate msitu wala vichaka vya kwenye vijito ili kupata nafasi ya bustani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mvua inayonywewa na milima ya Oldeani ndiyo inayotoka kwenye chemchemi za Mang'ola na kumwagilia vitunguu vya wenzetu. Tukiharibu juu, wao watakauka chini. Na kumbukeni wenzetu wanaoishi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hawaruhusiwi kulima. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, baadaye kikazuiwa tena. Wanategemea mahindi na maharage ya huku. Soko tunalo mlangoni, siyo lazima kila kitu kiende ng'ambo. Kuna mnada wa tarehe 7, kuna hoteli za watalii, na tangu lami ya kutoka Makuyuni ifike lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, Arusha siyo safari ya siku nzima tena.

7. MTI NI WA NANI?

Hapa naomba tunyamaze kidogo tusikilizane, maana hili ni zito kuliko mashimo na samadi.

Maharage ni ya miezi mitatu. Hata ukiondoka kwenye shamba, umeshavuna. Mti ni wa miaka thelathini na zaidi. Kwa desturi zetu, anayepanda mti anaonekana anadai ardhi. Ndiyo maana mama akikodi shamba anaambiwa, "Panda mahindi, usipande miti." Na ndiyo maana mjane anaweza kuamka akaambiwa miti aliyoipanda kwa mkopo wa kikundi ni ya ukoo wa marehemu. Mkopo ubaki kwake, matunda yaende kwa shemeji. Tumeyaona, tusidanganyane.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Inasema pia kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo ni batili. Lakini sheria haitembei yenyewe. Unatakiwa kuwa na karatasi. Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la baba na la mama.

Kwa hiyo, mama, kabla hujachukua fedha za miche, kaa na mzee nyumbani. Usipande kwa siri, maana mti haufichiki. Mwambie, "Baba fulani, nataka tupande miti kumi pale juu. Twende ofisi ya kijiji tuandike shamba letu sote wawili." Akina baba mliopo hapa, mkiombwa hivyo msione mnanyang'anywa. Watakaokula matunda ni wanenu. (Makofi)

8. MAPENDEKEZO YANGU KWA KIKUNDI

Mkopo wetu ni wa miezi mitatu. Mti unaanza kulipa mwaka wa tatu au wa nne. Mtu akikopa kwa miezi mitatu akanunue miche, atalipa kwa nini? Atauza mbuzi, au atakwenda kukopa kikundi kingine, na hapo ndipo vikundi vinapovunjika. Miaka kumi hii tumesimama kwa sababu fedha ilitoka na kurudi. Tusije tukaizika shimoni, tena mashimo ya sentimita 60! (Kicheko)

Napendekeza hivi:

(i) Mkopo wa sanduku uende kwenye maharage na mazao mengine ya msimu, lakini muda uwe miezi mitano. Maharage ya masika huvunwa na wote kwa wakati mmoja, na bei inakuwa chini. Mwenye kuyahifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa anaweza kungoja.

(ii) Miche inunuliwe kwa faida, siyo kwa mkopo. Kila mwanachama atenge sehemu ya mgao wake kwenye Mfuko wa Miche, kiwango tukubaliane leo.

(iii) Kila mmoja aanze na miti kumi. Ikishika, mwaka unaofuata aongeze mingine. Tununue kwa pamoja, na tukaguane mashamba kama tunavyokaguana vitabu.

(iv) Tuuze pamoja na kwa kilo. Tusiuze mti mzima kwa macho ukiwa bado na maua, wala tusikubali lumbesa.

(v) Kila mama awe na daftari la shamba: alichotoa, alichopata, kwa kila zao. Baada ya miaka minne tutajua kwa hesabu kipi kilitulipa, siyo kwa maneno ya barabarani.

Mama Mwenyekiti, tulipoanza miaka kumi iliyopita walikuwepo waliosema akina mama watagombana na sanduku halitafika Krismasi. Sanduku lipo, kufuli tatu zipo, na funguo bado ziko kwa watu watatu. Kikundi kilichoweza hilo kinaweza pia kungoja mti uzae, mradi maharage yako jikoni.

Maswali nitayapokea wakati wa chai. Mwenye shamba bondeni anione kwanza kabla hajachimba shimo.